Ukoko wa Bafu la Mgeni Rasmi

Chwaaaa.

Sauti hiyo ndiyo iliyonipokea kazini, kabla ya binadamu yeyote kunipokea. Ilifanana na sauti ya usipa wabichi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wanapodondoshwa kwenye mafuta yaliyopata moto, na kwa kuwa nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, nilijipa matumaini kwamba nimefika karibu na jiko. Nikaifuata. Ikanifikisha bafuni. Ndani alisimama mzee mrefu mwenye viatu vya mpira, akimimina asidi ya betri ya gari juu ya sakafu ya terazo, na kilichokuwa kikikaangika ni sakafu.

Nilikuwa na shahada ya uzamili ya kemia, sanduku moja, na imani kwamba elimu hiyo ingenifikisha maabara. Waliopanga vituo vya kazi waliona vingine: maabara ya chuo ilikuwa na mtu, mabweni hayakuwa na mtu. Hivyo nikawa msaidizi wa msimamizi wa malazi katika chuo kilichojengwa pale milima ya Umatengo inapoteremka hadi ziwani, upande wa Mbaha, na nikabaki kwenye malazi hadi nilipostaafu mwaka huu. Kuhusu vyeo nilivyopata katikati sina la kusema. Vilibadilisha kibao cha mlangoni. Madoa yalibaki yaleyale.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mlioachiwa funguo zangu. Mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini Telesia, msafishaji mkongwe kuliko wote, haingii chumba chochote bila kufungua dirisha, hata mwezi wa Julai upepo wa ziwani unapowalazimisha ninyi kuvaa masweta mawili. Mmemwita mkaidi. Mmoja wenu amemwita mshirikina, jambo linaloonyesha jinsi elimu ya juu inavyopanua mawazo. Jibu lake ni refu, na linaanza na sauti ile.

“Shikamoo, Mzee,” nilisema mlangoni.

“Marahaba. Usikanyage hapo, soli zitaondoka. Wewe ndiye msomi?”

“Nimeletwa malazi, Mzee.”

“Basi umefika. Unaisikia hiyo? Hiyo ni asidi inapigana na uchafu.”

Huyo alikuwa Mzee Hyera, msimamizi wa malazi, aliyewahi kuwa askari. Mimi nilikuwa nikiitazama sakafu, na akilini mwangu ulikuwa umeanza mjadala mrefu kuhusu namna ya kumpinga mkubwa wa kazi siku ya kwanza, tena mwenye asidi mkononi. Ukoko wa maji magumu, kwa sehemu kubwa, ni chokaa. Terazo nayo ni vipande vya mawe, mengi yakiwa ya chokaa, vilivyoshikwa na saruji. Asidi haina macho. Haijui lipi ni doa na lipi ni jengo la serikali. Baada ya kupima maneno kwa muda ambao ungetosha kumaliza sakafu yenyewe, nilisema:

“Mzee, nahofia inapigana na sakafu.”

Alicheka hadi akaweka dumu chini. “Na nani anashinda?”

Jibu lilikuwa dhahiri. Baada ya miaka kadhaa ya ushindi wa namna hiyo, sakafu za mabafu yetu zilikuwa na mashimo yaliyopangana kama ngolo, vile vishimo vya mashamba ya Wamatengo kule mlimani, ila ngolo huhifadhi maji kwa ajili ya mahindi, na zetu zilihifadhi maji kwa ajili ya uchafu zaidi. Msidhani mashimo mnayoyaona leo bweni la pili ni uchakavu. Ni juhudi.

Sasa mfahamu maji yetu. Hatua chache kutoka mabwenini kuna Ziwa Nyasa, lenye maji laini kiasi kwamba sabuni hutoa povu kabla hujaamua kuoga. Akina mama wa kijijini hufulia humo, na masufuria yao hayana utando. Sisi, watu wa chuo, tunatumia maji ya kisima kirefu, yanayopita katikati ya miamba na kuokota madini ya kila aina njiani. Kwa nini? Kwa sababu kisima kilizinduliwa na mgeni rasmi. Utepe ulikatwa, ngoma ilichezwa, kibao cha jiwe kilisimikwa. Ziwa, kwa bahati mbaya, halijawahi kuzinduliwa na mtu yeyote.

Maji ya kisima yakikauka, huacha mizigo yake. Tone la leo huacha utando usioonekana. Tone la kesho huketi juu yake. Mkirudi baada ya muhula mnakuta ukoko kama ule wa chini ya sufuria ya wali, ila huu hauwezi kugombaniwa na watoto. Huwa mweupe kwenye mabomba, wa kijivu ukutani, na wa rangi ya chai ndani ya sinki la choo, ambako chuma kilichomo majini huongeza mchango wake. Kila mwalimu mgeni aliyefika hapa alidhani ni uchafu wetu. Tulizoea. Mtu anaweza kuzoea kudharauliwa na mtu ambaye bado hajafungua begi.

Mzee Hyera alikuwa mwalimu wangu, na sina budi kumtendea haki, hata kama sakafu haikutendewa. Aliamini kwamba doa ni utovu wa nidhamu. Alinifundisha jambo moja ambalo sijapata lililo bora zaidi: bafu lisiachwe na maji. Akimaliza kuosha, alilifuta lote kwa kitambaa kikavu, akianza juu na kumalizia na bomba, taratibu, kama anayefuta bunduki.

“Doa halina miguu, Kemia,” aliniambia. “Linapanda maji. Ukiondoa maji, limekosa usafiri.”

Ninyi mnaotafuta dawa ya ajabu, dawa ndiyo hiyo. Haiuzwi, ndiyo maana hamuiamini.

Lakini Mzee huyohuyo alikuwa na fundisho la pili, na hilo lilienea chuoni kuliko la kwanza. Aliamini kwamba usafi hupimwa kwa pua. Sikumwona hata mara moja akikagua bafu kwa macho. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu, na machozi yakimtoka alisema, “Safi.” Yasipomtoka alisema, “Rudia.” Wasafishaji, ambao si wajinga, walielewa upesi kwamba kusugua ni kujichosha, kinachohitajika ni kumwaga. Mzee alipostaafu aliondoka na viatu vyake vya mpira, lakini pua yake alituachia.

Nilipokabidhiwa usimamizi, jambo la kwanza nililofanya ni kupiga marufuku asidi ya betri. La pili ni kuleta dumu la siki. Hapo ndipo Telesia, aliyekuwa ameajiriwa muda si mrefu, aliponipa heshima ya kunizungumzia mbele yangu. Yeye ni Mmatengo wa upande wa Litembo, amekulia kwenye kahawa, na ulimi wake haujawahi kuwa na likizo.

“Mama Kemia, hii si ya kachumbari?”

“Ni asidi pia, ila ina adabu.”

“Haya. Bafu linakula kachumbari, wanachuo wanakula maharage yenye mawe. Nchi imebadilika.”

“Telesia, loweka kitambaa.”

“Naloweka, mama. Nitie na kitunguu?”

Alitania, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na alijifunza kila kitu. Nitayaeleza kama tulivyoyafanya, kwa kuwa nimeona siku hizi mnajifunza usafi kutoka kwenye video za watu wanaosafisha mabafu ambayo tayari ni safi.

Bomba lenye ukoko halikwanguliwi. Chukueni kitambaa cha pamba, kilowesheni siki, kizungushieni bomba, kisha kivisheni mfuko na kuufunga kwa mpira ili kisikauke. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki. Tangu ulipopigwa marufuku, mfuko wa mkate unafaa, na mkate mnaruhusiwa kuula kwanza. Acheni saa moja, mtazame, mwongeze kama ukoko bado ni mbishi. Msililaze bomba linalong'aa usiku mzima ndani ya siki. Mng'ao huo ni ngozi nyembamba, na ikiondoka hairudi. Kisha sugueni kwa mswaki wa zamani, suuzeni, kausheni.

Kichwa cha bomba la mvua kifungueni na kukitumbukiza chote kwenye ndoo yenye siki. Kikiwa kimeziba, maji huruka upande, na mtu anayeoga hulowa kila mahali isipokuwa anapotaka. Tulikuwa na kimoja bweni la wasichana ambacho kilimwagilia taa. Fundi alikitazama akapendekeza tuhamishe taa.

Sinki la choo linahitaji akili zaidi. Toeni maji yaliyotuama kwanza, kwa sababu asidi inayotiwa kwenye maji mengi inakuwa imepeleka salamu tu. Kisha tumieni unga mweupe wa asidi ya limau, ule wanaoutumia watengeneza juisi, mkiukoroga kwa maji ya moto uwe uji mzito, na kuupaka kwenye ukoko. Uacheni usiku. Asubuhi ukoko unakuwa umelainika kama tope, nanyi mnausugua bila kumkasirikia mtu. Na terazo, nawasihi, isiguswe na asidi ya aina yoyote, hata yenye adabu. Sabuni, brashi, maji ya ziwani.

Sheria ya mwisho niliitoa kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, isikutane kamwe na asidi: si ya betri, si siki, si limau. Zikikutana hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Niliwaeleza wasafishaji wote kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kama mhadhara. Telesia akasimama akaeleza tena kwa Kimatengo, kwa muda mrefu kuliko mimi, na nyuso za wenzake zikabadilika.

“Umewaambia nini?” nilimuuliza.

“Ulichosema wewe, mama. Nimeongeza jeneza.”

Kwa miaka mingi hakuna aliyekiuka. Ninasisitiza hilo ili msije mkadhani kwamba lililotokea baadaye lilitokana na kutojua.

Kila ofisi niliyowahi kuifahamu ina chumba kimoja kilicho bora kuliko vyote na kisichotumiwa na yeyote. Kwetu kilikuwa bafu la mgeni rasmi. Leo mnaingia humo na taulo begani mkiimba, kwa hiyo hamwezi kupata picha ya hadhi yake ya zamani. Lilikuwa na vigae kutoka mbali, kioo chenye fremu, na beseni jeupe ambalo hakuna mkono wa mtumishi uliowahi kunawa humo. Lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa ofisini kwa Mkuu wa Chuo, kwa sababu heshima isipofungiwa inaweza kutumiwa na watu.

Sasa fikirini kikemia. Bafu la watumishi lilitumiwa mchana kutwa na kukaushwa kila jioni; halikuwa na doa. Bafu la mgeni halikutumiwa, kwa hiyo halikukaushwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mpira wa bomba lake umechoka na bomba linadondosha. Tone, kukauka. Tone, kukauka. Tulikuwa tumejenga, kwa staha na kwa ufunguo, kiwanda cha ukoko.

Siku ugeni ulipotangazwa, Mkuu alifungua mlango mbele yangu na mbele ya Telesia. Beseni lilikuwa na ulimi wa kijivu kutoka bombani hadi kwenye tundu. Sinki la choo lilikuwa na mistari ya rangi ya chai, minene, kana kwamba limekunywa kwa niaba ya wageni wote ambao hawakuja.

“Mungu wangu,” alisema Mkuu.

“Hapa amekaa mtu,” alisema Telesia. “Tena hakuwa msafi.”

Mkuu wa Chuo wa wakati huo alitoka mkoa mwingine kama mimi. Alikuwa mtu mwema, mcheshi na msikivu, mpaka ugeni utangazwe. Hapo alibadilika: hakula, hakulala, alisahihisha rangi ya mawe ya bustanini. Alitaka asidi ya betri. Nikamwomba aniachie siku chache. Alinipa siku chache, kwa sura ya mtu anayetoa figo.

Tukafanya kazi, mimi na Telesia. Nilibadilisha mpira wa bomba mwenyewe. Ulimi wa kijivu uliondoka vipande vipande chini ya vitambaa vya siki. Hadi jioni ya mwisho ilibaki mistari miwili tu ndani ya sinki la choo, nayo tukaipaka uji wa asidi ya limau ili ilale nao. Tulifungua dirisha, tukaenda nyumbani. Nakumbuka niliona fahari, jambo ambalo ninawashauri mliepuke kazini.

Asubuhi ya ugeni Mkuu alipita kukagua. Mimi nilikuwa ukumbini nikihesabu mito ya viti. Mengine niliambiwa na Telesia baadaye, alipoweza kusema sentensi nzima.

Mkuu aliingia, akasimama, akavuta pumzi.

“Mbona hakunuki?”

“Ni safi, Mkuu. Tazama kioo.”

“Mgeni akiingia atajuaje kwamba tumesafisha?”

“Ataona, Mkuu. Ana macho.”

Mkuu akatoka, akarudi na dumu la dawa ya klorini kutoka dobi. Telesia alimwambia kwamba Mama Kemia amekataza, kwamba ndani ya sinki kuna limau.

“Mama Kemia ndiye mkuu wa chuo?”

Swali zuri. Akamimina dumu zima ndani ya sinki la choo. Harufu ilipopanda, uso wake ulitulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka nikitafuta mahali alipokosea kimantiki, na sijapata. Ukikubali kwamba usafi ni harufu, yote mengine yanafuata. Alifunga dirisha. Hakutaka harufu itoke kabla ya mgeni kuingia. Alimwambia Telesia amalizie kukausha bomba na asiache mlango wazi. Akaondoka kwenda kukagua mawe ya bustanini.

Nilipokuwa narudi kutoka ukumbini sikusikia chwaaa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: miaka yote nilijizoeza kuogopa sauti ile, na hatari ilipokuja ilikuja bila kutoa sauti. Nilichosikia ni kikohozi, nyuma ya mlango uliofungwa. Kilikuwa kikohozi kinachotafuta nafasi ya kupumulia katikati na kuikosa.

Nilifungua. Macho yaliniwaka. Telesia alikuwa amepiga magoti karibu na beseni, kitambaa kikavu mkononi. Nilimburuta hadi barazani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

“Kwa nini hukutoka?” nilimuuliza, kana kwamba huo ulikuwa wakati wa mahojiano.

“Bomba,” alisema. Akakohoa. “Lilikuwa halijakauka.”

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja mbio. Alimsikiliza kifua, akanivuta pembeni.

“Mama, huyu anahitaji oksijeni. Mimi hapa nina hewa ya Mungu tu. Mpelekeni Litembo, hospitali. Na msimpandishe bodaboda kwenye ule mlima, hatafika.”

Chuo kilikuwa na gari moja. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya utawala, limeoshwa hadi matairi yamepakwa dawa ya kung'aa, vioo vimepandishwa vumbi lisiguse viti. Liliandaliwa kwenda Kitai, kule barabara ya Songea inapoachana na ya kwetu, ili mgeni rasmi asije akaingia eneo letu bila kusindikizwa na mtu. Tulimpakiza Telesia kiti cha nyuma, muuguzi akakaa naye. Kupakiza hakukuhitaji kibali. Kuwasha ndiko kulikohitaji.

Mkuu alikuja akikimbia, tai ikiwa begani.

“Gari hilo ni la mapokezi!”

“Mkuu, Telesia hapumui.”

“Anapumua, namsikia.”

“Unachosikia ni kushindwa kupumua.”

“Wageni wameshatoka Songea. Wakifika Kitai wasimwone mtu?”

“Watauliza njia.”

“Mgeni rasmi haulizi njia!” Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa vitu viwili na kuchagua kile kinachokuja kwa msafara. “Tafuteni gari kijijini. Mimi naona ni mafua tu, na harufu.”

Kijijini hapakuwa na gari, naye alijua. Nikamgeukia dereva, Bwana Kinunda, aliyekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, kama anaendesha.

“Bwana Kinunda, washa twende.”

“Mama, mimi namsikiliza Mkuu. Mkuu anamsikiliza mgeni. Akisema mgeni, nimeshafika Litembo.”

Alikusudia kunikatisha tamaa. Bila kujua, alikuwa amenichorea ramani.

Nilikuwa na namba ya afisa itifaki wa mgeni. Alikuwa amenipigia mara nyingi wiki ile, akiuliza kama maji ya moto yapo, kama sabuni ni nyeupe, kama mlango wa bafu hufungwa kwa ndani. Nilitoa simu. Nikasimama nayo. Ningependa kuwaambia kwamba nilipiga papo hapo, lakini mimi ni mtu wa kupima. Nilijiuliza kama nianze na salamu au na tukio. Nilijiuliza kama “dharura” ni neno zito mno, na kama “tatizo” ni jepesi mno. Nilijiuliza nitaripoti kwa nani kesho yake nikiwa nimemruka mkubwa wangu mbele ya dereva na mawe ya bustani. Nilijiuliza hata kama mtandao wa simu hushika karibu na Kitai. Shahada ya uzamili humfundisha mtu kwamba kila swali lina upande wa pili. Kisha nyuma ya kioo kilichopandishwa kikohozi kilikatika, kwa muda, na swali likabaki na upande mmoja.

Nikapiga.

“Haloo, nani mwenzangu?”

“Ni msimamizi wa malazi, chuoni.”

“Ahaa, mama wa bafu! Ndiyo tunaitafuta Kitai. Maji ya moto yapo?”

“Naomba uweke spika, Mheshimiwa asikie.”

“Mama, huo si utaratibu.”

“Najua. Weka.”

Sijui ni nini kilichokuwa katika sauti yangu. Nilisikia ngurumo ya matairi ikiongezeka, kisha sauti ya mama mtu mzima, iliyochoka kwa safari.

“Nani?”

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Sema, mwanangu.”

“Mheshimiwa, bafu lililoandaliwa kwa ajili yako limejaa hewa ya sumu. Mfanyakazi aliyekuwa anakukaushia bomba ameivuta, na yuko katika hali mbaya. Gari pekee la kumpeleka hospitali limeoshwa kuja kukupokea Kitai, na halitawashwa mpaka useme wewe.”

Matairi yaliendelea kunguruma. Mkuu alikuwa amesimama mbele yangu, mdomo wazi, tai bado begani.

“Bafu langu?” iliuliza ile sauti.

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Mimi sikuomba bafu. Mpe dereva simu.”

Nilimpa kupitia dirishani. Bwana Kinunda aliipokea kwa mikono miwili, akanyoosha shingo kana kwamba simu ina macho, akasikiliza. “Ndiyo, Mheshimiwa,” alisema, na tayari mkono mmoja ulikuwa umeshageuza ufunguo. Injini ikawaka. Nyuma yake Telesia, ambaye tangu barazani hakuwa ameweza kutamka kitu, alijiinua begani mwa muuguzi, akashika mpini wa kuzungusha mlangoni, na kuanza kushusha kioo.